Mzinga Juu ya Uwanja wa Shule

Kibwezi,
21 Februari 1937

Kwa Mjomba Nzuki, Kitui,

Nakuamkia kwa heshima, Mjomba, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi mwana wa dada yako ni mzima. Homa iliyonishika baada ya Krismasi imeniacha, imebaki kukohoa kidogo asubuhi. Mvua haijaja, ila mawingu yanakusanyika upande wa vilima vya Chyulu na watu wameanza kusafisha mashamba. Mwambie mama yangu, mwaitu Ndila, kwamba blanketi alilonipa ninalo na ninalala nalo kila siku, asiwasikilize wanaosema nimeliuza kwa Wasomali. Huyu Gabow anayekuletea barua ni Msomali mwenyewe, anakuja huko kununua mbuzi. Muulizeni kama amewahi kuliona blanketi langu.

Shule inaendelea. Watoto wameongezeka mpaka wengine wanaketi chini. Kuna msichana mdogo, Mbinya, binti wa Nzomo anayefanya kazi ya reli. Ameingia mwaka huu tu na tayari anasoma kuwashinda wavulana wa darasa la pili. Wavulana wamenuna.

Sasa, Mjomba, naomba usiikunje barua hapa. Narudi kwenye lile neno la mzinga wako wa nyuki ulio katika mti wa mgunga wa uwanja wa shule. Nilikuomba mwaka juzi nilipoanza kazi hapa. Nikakuomba tena Krismasi, ukaniuliza kama nimekula. Hii ni mara ya tatu. Mwezi wa tano mfalme mpya atatawazwa huko Ulaya, na shule zote zimeagizwa kufanya gwaride. Misheni imetuletea ngoma kubwa. Uwanja wenye kivuli ni huo mmoja tu, na nyuki mwaka huu wamejaa kweli, nawasikia nikiwa darasani nafundisha hesabu. Nipe ruhusa tu. Nitamtafuta fundi wa nyuki auteremshe jioni na kuutundika kando ya mto, na alama ya ukoo wenu iliyochongwa juu yake haitaguswa. Unajua siwezi kuugusa mzinga wa mjomba bila neno lake, na watu wa hapa afadhali waibe ng'ombe mchana kuliko kugusa mzinga wa mtu.

Nasubiri neno lako.

Ni mimi mtoto wako,
Mulei


Kitui,
27 Machi 1937

Mwalimu Mulei, mpwa wangu,

Barua yako nimeipata, ingawa Gabow alikaa nayo mfukoni mpaka ikanuka mbuzi. Sisi ni wazima. Mama yako ni mzima, anasema habari ya blanketi amesikia pande zote mbili na hajaamini yoyote. Mvua imenyesha vizuri. Mbaazi zimeota, kunde zimeota, magugu yameota kuliko vyote. Mwanangu Muli amepata mtoto wa kiume mwenye sauti kama ya chifu, hatulali.

Mimi bado niko barazani kwa Mhindi na cherehani yangu. Siku hizi kila mtu anataka kaptula ya mifuko minne, hata asiye na kitu cha kutia mfukoni. Koti lako nimelimaliza. Mikono nimeiacha mirefu kidogo kwa sababu najua bado unakua, ingawa polepole. Gabow atakuletea.

Umeniandikia habari za ngoma na mfalme. Mimi nilimbebea mizigo baba wa huyo mfalme katika vita vya Mjerumani, kutoka Voi mpaka huko ambako hata jina lake silijui, na sikupigiwa ngoma na mtu. Basi pigeni, furahini.

Kuhusu lile jambo lingine, mzinga ule aliupandisha babu yako mwenyewe, kabla ya kuzaliwa kwako na kabla ya shule hiyo kuota hapo. Haujamkosea mtu. Nyuki wana adabu kwa mwenye adabu. Wafundishe watoto wako adabu, maana ndiyo kazi unayolipwa.

Kula vizuri.

Mjomba wako,
Nzuki


Kibwezi,
29 Aprili 1937

Mjomba,

Salamu kwenu nyote. Nisamehe kama sitawaamkia watu kwa majina, kichwa changu hakikai.

Mbinya amekufa. Yule niliyekuandikia, binti wa Nzomo.

Nilikuwa napiga ngoma mwenyewe. Hilo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Watoto walikuwa wamejipanga chini ya mgunga, yeye akiwa mbele kwa sababu alijua kuinua mguu kwa wakati wake. Nikapiga. Nikasikia mlio mwingine ndani ya mlio wa ngoma, nikadhani ni ngozi imelegea. Halafu watoto wakaanza kujipiga usoni. Nikapaza sauti wakimbie, wakakimbilia darasani, nyuki wakaingia pamoja nao. Mbinya hakukimbia. Sijui kwa nini. Labda alikuwa akingoja nimpe amri ya kuvunja mstari, kama nilivyowafundisha. Nilimfunika kwa koti ulilonishonea nikambeba mpaka stesheni. Gabow alikuwa anapakia mbuzi kwenye lori lake, akawashusha wote bila kuniuliza kitu, akaendesha. Hatukufika kwa daktari wa reli. Watoto wengine wamevimba lakini wataishi.

Kesho yake Bwana Msimamizi wa misheni alikuja. Alinisikitikia, hilo nisimnyime. Kisha akaniambia nisiende nyumbani kwa Nzomo, nisitume mtu, nisiseme hata pole, kwa sababu jambo hili litafika kwa hakimu, na mwalimu anayekwenda kuomba radhi amekwisha kukiri. Umewahi kusikia kitu kama hicho, Mjomba? Mtoto amefia mikononi mwangu na mimi nakaa nyumbani kama mtu asiye na habari. Kwetu anayejificha ndiye muuaji. Kwao anayekwenda ndiye muuaji. Nimekaa, na sijui nimekaa kwa woga au kwa utii.

Walimzika siku ya pili. Nilisikia vilio nikiwa nyuma ya dirisha langu.

Kuhusu mzinga sijaulizwa bado. Wanaoijua alama wamenyamaza. Niandikie upesi.

Mulei


Kibwezi,
8 Juni 1937

Kwa Mjomba Nzuki,

Salamu, Mjomba. Natumaini hamjapatwa na ugonjwa, maana nimehesabu kwamba Gabow amekuja Kitui na kurudi, na hakuleta kitu. Nilimuuliza kama alikuona. Akasema alikuona, ulikuwa unashona, ukamwambia huna wino. Huku mavuno yameanza na njiwa wanakula mtama mashambani kwa sababu watoto wa kuwafukuza wamekatazwa na wazazi wao kutoka nje. Shule ina watoto wachache sana. Gwaride la mfalme halikufanyika.

Nimeitwa kwa hakimu aliyekuja kutoka Machakos kuanza uchunguzi. Mjomba, nieleze wewe unayewajua Wazungu tangu vita, mimi sielewi. Nilidhani ataniuliza kama nilimchukia mtoto, au kama nilikuwa nimelewa, au kama nilikuwa nimewaacha peke yao. Hakuuliza hata moja. Bwana Msimamizi alinifafanulia baadaye. Anasema mtoto akishaingia uwanja wa shule, sheria inamhesabu mwalimu kuwa mahali pa baba yake mpaka atoke. Tena sheria haijali kama ulikusudia ubaya. Inauliza kama ulijua kuna hatari, na kama ulijua, ulifanya nini. Mtu anaweza kuwa hana ubaya moyoni hata kidogo na bado akawa na hatia ya uzembe. Nilimuuliza Bwana Msimamizi kama yeye, aliyekuja kukagua shule mara nyingi, hakuuona mzinga. Akasema aliuona, lakini alidhani ni gogo lililokwama mtini.

Hakimu aliuliza mzinga ni wa nani. Nikasema una alama ya ukoo. Ukoo gani? Nikasema ni mkubwa. Akaliandika.

Sasa nimefikiri hivi. Nilijua kuna hatari, na nilifanya kitu: nilikuomba. Nilikuomba mara tatu kwa heshima, kama mtu anavyopaswa kumwomba mwenye mali. Kwa wazee wetu aliyeomba amefanya lake, na lililobaki ni la mwenyewe. Njoo useme hivyo mbele ya hakimu. Sikuombi useme lolote la uongo. Hawatakufunga wewe, maana mzinga ulikuwa pale kabla ya shule. Mimi ndiye wanayemtafuta. Ukisema kwamba nilikuomba nitapona.

Nzomo nilikutana naye njiani akitoka kazini. Alisimama. Nami nilisimama. Kisha nikakumbuka nilivyoagizwa, nikapita. Mjomba, nilimpita baba wa yule mtoto bila neno.

Mulei


Kitui,
4 Julai 1937

Mwalimu Mulei,

Salamu. Tuko wazima, ila mguu wangu wa vitani umevimba. Mavuno si mabaya. Kunde tumejaza maghala na Mhindi ameanza kusema bei imeshuka, kama kawaida yake anapoona maghala yamejaa. Mtoto wa Muli ameota jino.

Nimezisoma barua zako zote mbili. Pole sana kwa yaliyokupata. Lakini nawe jiulize, nani alileta ngoma? Ni babu yako? Mzinga umekaa pale miaka mingi, mbuzi wamelala chini yake, watu wamefanya vikao chini yake, hata wewe ulicheza chini yake ukiwa huna kaptula. Hakuna aliyepata baya zaidi ya kuumwa tu. Misheni ikaja na ngoma ya ng'ombe mzima ikapigwa chini ya mlango wa nyuki wakati maua yamejaa. Sasa kosa ni la nyuki? Hakimu amuulize mwenye ngoma.

Tena wewe umesema vizuri, ukoo wetu ni mkubwa. Mizinga yenye alama ile iko kutoka Kiboko mpaka ng'ambo ya mto Athi. Hilo linatosha. Usiongeze.

Safari kutoka hapa ni ndefu na mguu ni huo. Na nikija nitasema nini? Nitasimama mbele ya watu wa kwetu niliowaacha, wanione nimeletwa kwa sababu ya nyuki wa baba yangu?

Mama yako alisomewa barua yako na Muli. Tangu siku hiyo ananiletea uji lakini hasemi nami. Anaweka kibuyu chini, anaondoka. Mwandikie umwambie mimi si adui.

Mjomba wako,
Nzuki


Kibwezi,
22 Julai 1937

Mjomba,

Salamu kwa wote.

Kesi itasikizwa Agosti tarehe kumi na nane, katika banda lililo karibu na stesheni. Sitakuomba tena. Kama hutakuja, jina lako halitatoka kinywani mwangu, maana wewe ni mjomba wangu na sitaki kufa na neno lako baya, yaani laana yako, juu yangu. Ila nisemapo sitakutaja, usidhani ni kwamba sina uchungu. Ninao.

Mwaitu nimemwandikia kwamba wewe si adui. Hajanijibu.

Mulei


Kitui,
3 Septemba 1937

Mpwa wangu Mulei,

Nimerudi nyumbani salama. Treni mpaka Sultan Hamud ilikuwa nzuri, kutoka hapo nilipanda lori la mkonge mpaka Machakos, na kutoka Machakos nilitembea na kuketi, nikitembea na kuketi. Mama yako alinipokea mlangoni, akaangalia mguu wangu, akaingia ndani kuchemsha maji. Bado hasemi.

Sasa nataka uniambie, maana sisi wawili tuliagana pale stesheni kama watu wasiojuana, na nimelifikiria njia nzima. Nimekosea wapi?

Sikukuambia nakuja kwa sababu mpaka asubuhi ya kuondoka sikujua kama nakuja. Nilivaa koti langu la jeshi. Niliingia banda lile, nikakuona umekaa kwenye kiti kile peke yako, umekonda, nikaona aibu mpaka masikioni. Nikasimama bila kuitwa. Nikasema mzinga ni wangu, mimi Nzuki. Nikasema huyu ni mtoto wa dada yangu na aliniomba niuondoe, akaniomba tena, akaniomba na mara ya tatu kwa barua, nami nikakataa, basi kosa ni langu na mwacheni aende. Nilisema kwa sauti, Nzomo na mke wake wakiwa pale mbele. Sijawahi kusema maneno magumu kama yale.

Hakimu akamwambia mkalimani arudie. Mara tatu? Nikasema ndiyo, tatu. Akaandika. Nikaona anaandika kwa haraka, nikafurahi moyoni, nikasema mtoto amepona. Halafu akakugeukia akakuuliza kitu. Mkalimani alisema kwa sauti ya chini, sikusikia. Wewe ukainamisha kichwa. Mbona ulinyamaza, Mulei? Na ulipotoka hukunitazama usoni. Nilikuwa nimekuja kukuokoa.

Nitakuambia kwa nini nilikataa, maana sasa haina faida kuficha. Sisi tulipoondoka huko miaka ile ya ukame, tulidhani tutarudi. Kisha misheni ikapewa uwanja ule, na hakuna aliyetuma mtu kutuuliza kama tuna neno. Mzinga ndio uliobaki kusema kwamba watu wa baba yangu walikuwa hapo. Ukiuteremsha, tumeondoka kweli. Nilikuwa nakataa misheni, sikuwa nakukataa wewe, wala sikumfikiria mtoto yeyote. Hilo ndilo linaloniuma sasa, kwamba sikufikiria mtoto yeyote.

Aliuliza nini yule Mzungu?

Nzuki


Kibwezi,
10 Oktoba 1937

Kwa Mjomba Nzuki,

Salamu, Mjomba. Natumaini mguu umepona kiasi. Mimi sasa niko kwenye shamba la mkonge, nafunga mizigo ya mkonge, na mikono yangu ni ya kuaibisha. Hukumu imetoka. Sikufungwa. Hakimu alisema hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini ameninyang'anya ruhusa ya kufundisha mpaka itakapoamuliwa vingine, na misheni wameonywa vikali kwa gogo lao lililokwama mtini. Mwalimu mpya ameletwa kutoka Sultan Hamud.

Umeuliza hakimu alisema nini. Nitakuambia, na usidhani nakulaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuomba uje useme yale.

Wewe uliposema mara tatu, mimi pia nilifurahi. Nilidhani sasa ameona kwamba nilijitahidi. Kumbe yeye alikuwa anatafuta jambo moja tu, kama nilijua. Mpaka wakati ule hakuwa na uhakika. Ningeweza hata kusema nami nilidhani ni gogo. Wewe ukasimama na koti lako la jeshi ukamhakikishia kwamba nilijua, tena nilijua kwa miaka miwili. Yale tuliyoyaleta kunisafisha ndiyo yaliyonihukumu. Nimejaribu kuona kama kuna uonevu ndani yake na sioni vizuri. Siku nyingine nauona, siku nyingine siuoni.

Aliponigeukia aliuliza hivi: kama ulijua, na kama hukuweza kuuhamisha mzinga, kwa nini hukuwahamisha watoto?

Mjomba, kuna uwanja nyuma ya stesheni. Ni mtupu, una jua tu. Ni karibu sana na shule, watoto wanapita hapo kila siku. Miaka miwili nilifikiria mzinga ni wa nani, nani wa kuombwa, nani atakasirika, nani ana haki ya kugusa. Sikufikiria hata siku moja kwamba naweza kusema, watoto, leo twendeni kule. Kwa hilo sikuhitaji ruhusa ya mtu yeyote. Ndiyo sababu nilinyamaza.

Baada ya hukumu hakuna tena wa kunikataza, kwa hiyo nilikwenda kwa Nzomo. Yeye alikuwa kazini kwenye reli, nilimkuta mkewe Kalunde akisuka kiondo. Hakunikaribisha, lakini hakunifukuza. Nikaketi chini. Nikamwambia pole, neno ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Aprili, na likatoka dogo sana. Akaniuliza kwa nini nilikaa miezi yote ile bila kuja. Nikamweleza habari ya misheni. Akauliza kuhusu mzinga, nikamweleza habari yako na ya babu na kwamba mtu hagusi mzinga wa mjomba wake. Alisikiliza yote mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kusuka. Kisha akasema, "Kwa hiyo, Mwalimu, ulimwogopa mjomba wako kuliko ulivyoniogopa mimi. Na mimi ndiye nilikupa mtoto."

Nikamwambia ndiyo.

Nilikaa pale mpaka Nzomo akarudi. Aliketi upande mwingine wa moto. Waliponipa maji nikanywa nikaondoka.

Jambo la mwisho. Mzinga ulikuwa bado uko juu, na huyu mwalimu mpya alikuwa ameanza kukusanya watoto chini yake kwa sababu ya kivuli. Nilimwendea nikamwambia awapeleke nyuma ya stesheni, na siku hiyohiyo jua lilipozama nilipanda mgunga mwenyewe na moshi. Nimeumwa vibaya, jicho moja halijafunguka sawasawa. Nimeuteremsha nikautundika kando ya mto. Alama iko salama. Sikukuomba, Mjomba. Kama una neno baya la kunitamkia litamke, nitalipokea. Sijui kama nimefanya vema, ila nimefanya.

Mulei


Kitui,
2 Novemba 1937

Mpwa wangu Mulei,

Salamu kwako. Mvua za vuli zimeanza na baraza la Mhindi linavuja juu ya cherehani yangu tu, si mahali pengine. Mtoto wa Muli anatambaa. Mama yako amekutumia dawa ya jicho, Gabow anayo, usimwache akae nayo mfukoni. Osha jicho asubuhi na jioni.

Barua yako niliisoma nikiwa kazini, nikaharibu suruali ya karani wa boma kwa sababu sindano ilikwenda peke yake. Kuhusu mzinga, nilikasirika. Nilikasirika siku nzima na usiku. Asubuhi mama yako aliniuliza kama nimemaliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu mwezi wa sita. Nikasema nimemaliza. Sina neno baya la kukutamkia, mwanangu, na hata ningekuwa nalo lisingepata mahali pa kukuuma, maana umekwisha kuumwa vya kutosha.

Nataka kwenda kwa Kalunde. Wazee wa ukoo wamekubali kufuatana nami na mbuzi wa kuombea radhi, na wanasema nikae kimya wao waseme kwa niaba yangu, kama inavyofanywa. Mbuzi tutaleta na wazee watasema. Lakini kutokana na ulivyomweleza, yule mama hatawauliza wazee. Ataniuliza mimi. Nimejaribu kupanga maneno nikishona, na kila nikianza yanageuka kuwa habari za baba yangu na misheni. Nikiyaondoa hayo, sibaki na kitu.

Wewe wamekukataza kufundisha watoto. Kufundisha wazee kama mimi hawakukukataza. Tutafika Kibwezi kabla ya Krismasi, nami nitatangulia kwako mbele ya wenzangu. Nifundishe la kumwambia.

Mjomba wako,
Nzuki